Ziara ya Oman: Kutoka Mifereji ya Meru Hadi Mchanga wa Sharqiya

Rafiki yangu niliyesoma naye madrasa moja Tengeru aliondoka Arusha mwaka 1977, nami nikiwa na umri wa miaka tisa. Baba yake alikuwa na duka la rejareja, moja ya yale maduka ya Waarabu yaliyouza kila kitu kuanzia chumvi na mafuta ya taa hadi sanda. Mwaka 1976 ilipokuja Operesheni Maduka, serikali ilipotaka biashara ya vijijini ishikwe na maduka ya vijiji vya ujamaa, duka lile lilifungwa pamoja na mengine. Haukupita muda mrefu familia nzima ikahamia Oman, ambako Sultani Qaboos, aliyeshika utawala mwaka 1970, alikuwa akiwaita Waomani waliotawanyika ughaibuni warudi kuijenga nchi. Kwa baba wa rafiki yangu huko kulikuwa kurudi. Mama yake alizaliwa chini ya Mlima Meru, kama alivyozaliwa mama yake mzazi, na Oman hakuwa ameiona hata siku moja.

Tulipoteana miaka zaidi ya arobaini mpaka simu za mkononi zilipotukutanisha tena. Mwaka jana akanialika mimi na mume wangu. "Njooni Januari," aliniandikia, "kabla jua la huku halijakumbuka kazi yake." Chini ya mwaliko huo palikuwa na ombi.

Mwaka 1969 mama yake alifiwa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu kwa surua. Wanawake hawakwenda makaburini, hivyo mama hakuliona kaburi lile likichimbwa wala likifukiwa. Alilolijua ni maneno ya mumewe jioni ile: kwamba amemlaza pembe ya chini, chini ya mringaringa, karibu na mfereji. Mume naye sasa ni marehemu, amezikwa Maskati, na mama amepita miaka themanini. Kila mtu anayetoka Arusha humuuliza. "Kabla hujaja," rafiki yangu aliandika, "nenda ukatuangalizie kaburi la kaka yetu."

Nilimwomba kaka yangu, tukaenda naye asubuhi ya Jumamosi moja. Mringaringa haukuwapo. Mzee anayeangalia makaburi yale alituambia kuwa hata kisiki kiling'olewa zamani, yeye mwenyewe akiwa kijana, na kwamba pembe ile imekwisha kuzikwa mara ya pili na pengine ya tatu. Hakuna jiwe, hakuna alama. Ni majani tu. Kaka yangu alisimama pale pembeni akawasomea Yasin wote waliolala pale. Nilipomweleza rafiki yangu, jibu lake lilikuwa fupi: "Mwambie umeliona. Atafurahi, na wewe utapata thawabu."

Ujumbe huo niliuchukua pamoja na mizigo yangu, na nakiri kuwa ulikuwa mzito kuliko kilo zote nilizopimiwa uwanjani.

Msomaji anayefikiria safari kama hii ataniuliza habari za njia. Kutoka Dar es Salaam au Zanzibar hadi Maskati ni mwendo wa saa tano na ushee kwa ndege, na ukifika unasogeza saa yako mbele kwa saa moja tu. Mababu walikwenda kwa majahazi, wakishuka huku na upepo wa kaskazi na kupanda kule na upepo wa kusi, na aliyechelewa kupakia alisubiri mwaka. Sisi tulilalamika kwa kucheleweshwa dakika arobaini. Uwanjani tulikaa karibu na wasichana wanne waliokuwa wakienda kufanya kazi za ndani, kila mmoja na begi dogo lisilojaa. Mmoja aliniomba nimsomee mkataba wake. Ulikuwa wa Kiarabu na Kiingereza, lugha ambazo yeye hazijui, na tayari alikuwa amekwisha kuutia sahihi. Nilimsomea niliyoyaweza, nikamwandikia namba yangu ya simu nyuma ya karatasi. Mzazi ambaye binti yake anajiandaa kwa safari hiyo, naomba asimwachie ausomewe uwanjani na mpita njia.

Tulibeba kahawa ya Meru, asali, majani ya chai na maharage. Mwenyeji wangu alikuwa ameniambia nisilete kitu, lakini mama yake alituma ujumbe wa sauti kisirisiri, akinong'ona, akiomba mahindi meupe yaliyokobolewa. Alitaka kupika loshoro. Waarusha na Wameru wanaosoma gazeti hili watatabasamu. Mwanamke wa Kiarabu mwenye buibui, Maskati, akisaga ndizi na mahindi na kumimina maziwa ya mgando, kwa sababu jirani yake wa Kimeru alimfundisha mwaka 1958!

Nyumba yao iko Seeb, magharibi kidogo ya jiji. Tuliingia usiku. Nilimwamkia mama shikamoo, akaitika "Marahaba mwanangu" kwa lafudhi ileile ya Tengeru, kisha akanishika mashavu kwa mikono miwili na kuuliza kama Meru bado huvaa barafu. Nikamwambia huonekana nyeupe mara moja moja tu, asubuhi za baridi kali. Akauliza habari za Ziwa Duluti, za mto Nduruma, za soko, za nani amekufa na nani amebaki. La kaburi hakuliuliza, wala usiku ule wala siku iliyofuata. Ningependa angeliuliza mapema, yaishe.

Kiswahili cha Oman ni jambo la kustaajabisha kwa anayekisikia mara ya kwanza. Katika nyumba nyingi za waliorudi kutoka Zanzibar, Pemba, Mombasa na bara, wazee husemezana kwa Kiswahili, watoto wao huelewa, na wajukuu hujibu kwa Kiarabu. Mitaani jioni huuzwa mishkaki, nao huiita mishkak. Kofia za kushona kwa mkono ambazo wanaume wa Oman huvaa kila siku, kumma, ni ndugu wa kofia zetu za viua. Halua ni ileile, ila yao ina zafarani na maji ya waridi kwa wingi, na huliwa kwa vidole pamoja na kahawa isiyotiwa sukari. Mgeni huongezewa kahawa mpaka atikise kikombe. Mume wangu hakulijua hilo, akanywa vikombe saba kwa adabu.

Maskati yenyewe sitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa picha zake zimejaa kwenye simu. Ni jiji jeupe, la nyumba fupi, lililobanwa kati ya bahari na majabali. Lakini Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos lazima niutaje. Ulifunguliwa mwaka 2001, nao pamoja na nyua zake hubeba waumini wapatao 20,000. Zulia la ukumbi mkubwa lina uzito wa tani 21, nalo lilifumwa kwa mkono na wanawake 600 wa Iran kwa muda wa miaka minne. Watalii hupigana picha na taa yake kubwa ya kuning'inia, ambayo urefu wake ni mita 14. Mimi nilikuwa nikiwawaza wale wanawake na vidole vyao. Kuna fundo la nani chini ya paji la uso wangu, nilijiuliza nikiwa nimesujudu, na je, aliwahi kufika hapa kusali?

Siku ya nne tulielekea jangwani. Barabara hukata milima isiyo na jani hata moja, na macho yaliyozoea migomba ya Meru huchoka haraka, hayana pa kupumzikia. Tulipita Ibra, mji wa kale wa mkoa wa Sharqiya. Kutoka Ibra na vijiji vya jirani zake ndiko zilikotoka koo nyingi zilizokuja kufanya biashara Zanzibar na bara, wakiwamo Wabarwani na Waharthi. Katika mtaa wa zamani wa al-Munisifeh bado zimesimama nyumba kubwa za matajiri hao, za ghorofa, kuta zimepasuka, milango imechongwa, nyingine hazina paa. Rafiki yangu alituonyesha kwa fahari. Nami nikamwuliza, kwa upole, fedha za kujengea zilitoka wapi.

Alikaa kimya kidogo. "Karafuu," alisema. Kisha, "Pembe." Kisha akaangalia chini.

Neno la tatu nililisema mimi. Tusome historia yetu kama Waislamu tunaomcha Mungu, bila kuficha upande wala kutia chumvi upande. Misafara iliyokwenda bara kutafuta pembe ilirudi na watu pia. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na Oman yenyewe utumwa ulipigwa marufuku rasmi mwaka 1970. Ni hapo jana tu. Wakati huohuo, familia hizohizo zilileta misikiti, vyuo vya Qur'ani na ndoa ambazo matunda yake ndiyo sisi. Rafiki yangu na mimi tulisimama pale jua likituchoma, yeye mjukuu wa wafanya biashara, mimi sijui mjukuu wa nani hasa kwa upande wa babu mzaa mama, aliyefika Pangani akiwa mtoto bila wazazi. Hatukugombana. Alinishika mkono tukarudi garini, na maji ya kunywa akanimiminia yeye.

Mchanga wa Sharqiya, ambao wengi huuita Mchanga wa Wahiba kwa jina la kabila la mabedui wake, umefunika eneo la kilometa za mraba zipatazo 12,500. Huingiwa kwa upande wa Bidiyah. Kabla ya kuingia, dereva hushuka na kupunguza upepo wa magurudumu, ili gari lisambae juu ya mchanga badala ya kuzama. Vilima vya mchanga hupanda hadi mita 100, rangi yake hubadilika kila saa, na sauti pekee ni ya upepo. Nilivua viatu. Juu mchanga ulikuwa moto, lakini nilipochimba kwa kidole gumba nikakuta ubaridi chini yake.

Maghrib tuliisali palepale. Tulikuwa na maji ya kutosha kutawadha, lakini mzee wa kibedui aliyetukaribisha hemani kwake alitawadhia kikombe kimoja, akabakiza. Niliona haya nikikumbuka bomba la nyumbani Arusha ninavyoliacha likitiririka huku nikitafuta taulo. Usiku nyota zilikaribia mno. Rafiki yangu alinisogelea, tukiwa tumejifunika blanketi moja kama zamani chuoni, akaniambia, "Kesho kutwa ni Ijumaa, tutakwenda Nizwa na mama. Atakuuliza huko, najua. Usimvunje moyo."

Nilimwambia nitafikiri. Mume wangu, nilipomweleza, alisema jambo moja tu: wanavyuoni wameruhusu kupindisha maneno ili kuwapatanisha waliogombana, lakini hapa hakuna aliyegombana na mwenzake.

Nizwa iko ndani ya nchi, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Maskati. Ulikuwa mji mkuu wa maimamu, na karibu yake, Firq, ndiko alikozaliwa Jabir bin Zayd, mwanafunzi wa Ibn Abbas, ambaye Maibadhi humhesabu kuwa imamu wao wa kwanza. Ngome yake yenye mnara mkubwa wa duara ilijengwa na Imamu Sultan bin Saif katika karne ya 17, yuleyule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe Saif akawaondoa Mombasa mwaka 1698. Lakini Ijumaa asubuhi watu hawaendi ngomeni, huenda mnadani.

Mkazi wa Arusha aliyezoea mnada wa Kisongo atajihisi nyumbani, kisha atashangaa. Wanunuzi hukaa na kusimama kwa duara, na wauzaji ndio wanaozunguka, kila mmoja akivuta mbuzi wake au kumbeba kifuani, akitangaza bei huku anatembea. Anayetaka humsimamisha, humfungua mnyama meno, humpapasa mgongo, hutaja yake. Yote huisha mapema, watu wakaoge waende Ijumaa. Msikitini mume wangu alisimama kati ya Maibadhi wawili, wao mikono imeteremka ubavuni, yeye imekunjwa kifuani kwa desturi yetu ya Kishafii. Imamu alipomaliza Al-Fatiha, mume wangu akaitikia "Amin" peke yake katika safu ile. Hakuna aliyegeuka. Baada ya sala mzee wa kulia kwake alimshika mkono, akamwuliza anatoka wapi, akamlazimisha kwenda kula kwake. Natamani misikiti yetu inayogombania mambo madogo kuliko hayo ingekuwa na mzee kama yule katika kila safu.

Alasiri tulikwenda Falaj Daris. Falaji ni mfereji wa kale unaoleta maji kutoka chini ya milima hadi mashambani, mingine ikipita ardhini kilometa kadhaa. Oman ina mifereji ya namna hii ipatayo 3,000 inayofanya kazi hadi leo, na mitano kati yake, Daris ikiwamo, iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kinachovutia zaidi ni sheria zake. Maji yanapotoka nje kwanza ni ya kunywa watu wote, hapo hapaogwi wala hapafuliwi. Kisha ni ya msikiti na ya kuogea, na mwisho huingia mitendeni. Kila mwenye shamba ana fungu lake la muda, kipimo chake huitwa athar, ambacho ni kama nusu saa. Mchana walipima kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa juani, usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Mafungu mengine ni wakfu, hukodishwa kwa mnada na fedha yake hutengenezea mfereji wenyewe.

Nilimsikiliza mlinzi akieleza haya nikawa nawaona wazee wa mifereji wa Meru. Kwetu pia maji hushushwa kutoka msituni kwa mifereji ya udongo iliyochimbwa na mababu, yana zamu, yana wazee wanaoamua, na anayeiba zamu ya mwenzake usiku huitwa mbele ya wazee. Tofauti ni kwamba sisi juu yetu tuna mlima wa mita zaidi ya 4,500 unaokamata mawingu, na pengine ndiyo sababu tumeyaona maji kuwa kitu cha kuchezea. Chini ya mlima wetu sasa mifereji mingi imejaa chupa na mifuko. Waomani wanaoishi katika nchi ya mawe huufagia wa kwao kama sebule.

Mama alikuwa amekaa ukingoni, amevua viatu, miguu ndani ya maji. Aliniita nikae kando yake. Binti yake alikuwa amesimama nyuma yetu, nikayasikia macho yake mgongoni.

"Ulikwenda?" aliniuliza.

"Nilikwenda, mama."

"Umeliona?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mawili tofauti, moja kwa kila uamuzi, na yote yakanitoka. Nikamwambia kuwa mringaringa haupo. Kwamba hata kisiki hakipo, na pembe yote ni majani, na wengine wamezikwa juu ya waliotangulia. Kwamba kaka yangu aliwasomea Yasin wote, na kama mtoto yupo pale, naye ilimfikia, insha Allah. Kwamba kaburi sikuliona.

Alinyamaza muda mrefu, akisogeza vidole vya miguu majini. Nyuma yetu rafiki yangu alivuta pumzi.

"Na mfereji?" aliuliza. "Bado unapita?"

"Unapita, mama. Tuliuruka ili kuingia. Maji yalikuwa mengi."

"Basi ni pale," akasema. "Baba yake aliniambia: nimemweka anaposikia maji. Mti sikuuona mimi. Maji nilikuwa nayasikia kila siku nikienda sokoni, nikasimama njiani, nikamwombea dua, nikaenda zangu." Kisha akamgeukia binti yake, akamwambia kwa sauti ambayo haikuwa na hasira, "Wewe ulitaka anidanganye. Nimewauliza watu tisa kabla yake. Wote tisa waliniambia wameliona kaburi, na mti umestawi."

Tulikaa pale mpaka adhana ya Maghrib. Njiani kurudi alilala, kichwa begani kwangu.

Siku ya kuondoka alinipa kilo tano za tende kwa ajili ya yule mzee wa makaburini na wajukuu zake. Loshoro alikuwa ameipika jana yake. Wajukuu waliionja kwa ncha ya kijiko na kukimbia, tukaimaliza mimi na yeye. Mlangoni alinishika mkono akaniomba jambo moja, kwamba nikifika nimpelekee sauti ya mfereji.

Nilikwenda wiki ileile, alfajiri kabla ya watu kuamka, nikainama ukingoni nikairekodi kwa simu kwa muda wa dakika tatu. Rafiki yangu alinijibu jioni. Mama ameisikiliza mara nne, aliniandikia, ameweka simu sikioni amelala. Ila anataka kujua ni nani aliyepita na bodaboda katikati ya dakika ya pili, saa kumi na moja alfajiri, na alikuwa anakwenda wapi.